Soya Imekauka, Matanga Hayajaanuliwa

Mimi ni mwoga. Nasema mapema, asije mtu akautafuta ushujaa humu akaukosa. Naogopa radi, naogopa nyoka, naogopa sindano, na zaidi ya vyote naogopa mwezi wa nne unapoelekea ukingoni, pale ambapo haijulikani kama mvua imekwisha kweli au imepumzika tu, itarudi. Wajukuu wangu wananicheka. Wanasema bibi yetu akiliona wingu utadhani kamwona mdai. Waache wacheke. Wao waliukuta uji tayari.

Tulikuwa tunakaa kijiji kimoja upande wa Chiungutwa, wilaya ya Masasi. Mama yangu mzazi alitoka juu, Newala, kwenye baridi na shida ya maji, akashuka kuja kukaa nami mume wangu alipokwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kila kitu ruksa. Kuuza ruksa, kununua ruksa, mitumba imejaa mnadani hadi unakanyaga, wanunuzi wa korosho wanakuja na malori yao wenyewe. Na salfa ya kupulizia mikorosho, ambayo zamani ililetwa na ushirika hata hujaiulizia, sasa ikawa ruksa kuikosa. Mikorosho yetu ikashikwa na ubwiriunga, maua yakawa meupe kama yamenyunyiziwa unga, yakapukutika. Wanaume wakaona hakuna la kungojea, wakaondoka, na wangu akiwa mmoja wao.

Aliniacha na binti anayenyonya. Msimu ule wa mvua nikaugua malaria mbaya, ile ya kuongea na watu ambao hawapo, na nilipoinuka kitandani maziwa yalikuwa yamekauka. Nilikuwa na jirani, tuliyetenganishwa naye na ua wa mabua tu. Yeye alikuwa na mtoto wa kiume, aliyezaliwa msimu mmoja na binti yangu. Akaja akamchukua binti yangu, akamnyonyesha. Huku wake, huku wangu, kama mapacha. Hakuombwa na mtu. Mama yangu alipotaka kumshukuru, alijibiwa kwa ukali kwamba maziwa ni ya Mungu, na kama tunaona tuna nguvu za kushukuru basi twende tukamtekee maji.

Tulimtekea maji. Lakini mwanamke anayekula makopa ya muhogo na mlenda kila siku hawezi kuwanyonyesha wawili muda mrefu, na nilipomwona naye anaanza kukonda nikamrudisha mtoto wangu nyumbani, nikawa nampa uji wa muhogo, mweupe, mtupu. Baada ya muda miguu yake ikajaa. Mimi nikafurahi, nikadhani ananenepa. Kisha nywele zikawa nyekundu, laini, ukizishika zinabaki kidoleni. Kisha akaacha kulia. Hapo ndipo hofu iliponiingia, na sidhani kama imewahi kutoka yote. Mtoto akilia unajua kuna kitu anakitaka. Wangu alikuwa hataki kitu.

Kijijini walikuwa na jibu lao. Walisema nimembemenda mtoto, maana yake nimekwenda na mwanamume huku nikinyonyesha, na uchafu wangu umemwingia yeye. Mume yuko Dar es Salaam, mtoto amevimba, wakajumlisha wenyewe. Sikubisha. Ukibisha wanasema, mbona anabisha? Mama yangu ndiye aliyebisha kwa niaba yangu, pale kisimani, kwa Kimakonde, na mengine aliyoyasema siwezi kuyaweka hapa.

Tulimpeleka zahanati. Muuguzi alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kufokea wanafunzi, na hakuuliza habari za wanaume. Aliushika mguu wa mtoto, akaubonyeza kwa kidole gumba, akauachia. Shimo likabaki palepale. Akasema mtoto ana njaa.

Nikamwambia anakula.

"Anashiba," akasema, "lakini ana njaa."

Akatuelekeza tuchanganye unga wa mahindi, karanga na soya. Akatupa soya ya kuanzia uji na nyingine kidogo ya mbegu, akisema hiyo ndiyo ya mwisho, zahanati haitaletewa tena, siku hizi kila mtu ajitegemee. Halafu akanivuta pembeni akaniambia jambo ambalo nilirudi nalo njia nzima kama mzigo wa kuni. Mtoto asikose uji huo mpaka awe amekomaa. Ugonjwa huu hurudi, na ukirudi mara ya pili hauna huruma.

Uji wenyewe ulikuwa unanuka majani mabichi. Mtoto alilamba, akatema, akalamba tena. Tuliendelea hivyo, kijiko kwa kijiko, hadi asubuhi moja nilipochelewa na kijiko akanizaba kibao. Nililia kwa furaha. Nikapita uani nikamwita jirani yangu. Alikuja na mwanawe mgongoni, akataka akione kibao hicho kwa macho yake, akanishika mikono ili nipigwe tena.

Basi maisha ya mtoto yakawa kwenye soya, na dukani soya hakuna. Ilibaki kulima.

Mwaka wa kwanza tuliilima kama tunavyolima kila kitu. Kwetu mvua ya kwanza ikinyesha hakuna anayebaki nyumbani. Hata mgonjwa anajikokota. Mahindi wengine wameshayapanda kavukavu kabla ya mvua, na karanga, kunde, njugu, vyote vinaingia ardhini siku ileile udongo ukiwa bado unatoa mvuke. Nasi tukaitia soya pamoja na karanga, na ikaota vizuri, ikatupa kiburi. Jirani yangu alisema majani yale yanapendeza kuliko mwenye shamba. Ikakomaa mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimepamba moto. Majani yalianguka, maganda yakawa ya kahawia, na mvua ikaendelea kuyapiga usiku na mchana. Hukuweza kuvuna, maana hukuwa na pa kuanika. Nilipofumbua ganda la kwanza nikakuta ukungu. La pili, punje zilikuwa zimeota humohumo ndani, zimetoa vimizizi. Nilikaa kwenye matope nikafumbua ganda baada ya ganda.

Tuliokoa kikapu kidogo, tukakikausha karibu na moto. Nzuri nzuri mama yangu akazichagua ziwe mbegu. Akazitia kwenye kibuyu, akakiziba kwa udongo, akakitundika jikoni juu ya mafiga, panapopita moshi. Hivyo ndivyo mbegu ya mahindi inavyotunzwa kwao, na kwa mama yake, na kwa bibi yake, na mdudu hagusi. Kila nikipika nilikuwa nakitazama kile kibuyu. Kilikuwa kinanipa amani.

Soya ya kula ikaisha kabla ya miezi ya jua kwisha. Tukajikaza na karanga, na dagaa tukiwapata. Binti yangu alikuwa ameshaanza kutembea na kumfuata mtoto wa jirani kila aendako, lakini mwezi wa kumi nikamwona ameanza upole. Sipendi mtoto mpole. Kila asubuhi, kabla sijafunua hata ndoo, nilikuwa namshika mguu nabonyeza. Jirani yangu alinikuta nikifanya hivyo, akauliza, nikamweleza alivyofanya muuguzi. Tangu siku hiyo naye akawa anambonyeza anapompita, huku anatania kwamba ananunua embe.

Kwa vile ni mwoga, sikungoja mvua. Mwezi wa kumi na moja nilikishusha kibuyu, nikachota punje chache nikazifukia kwenye kigae chenye mchanga mbichi. Hazikuota. Nikafukia nyingine. Nazo zikaoza. Soya ina mafuta, ule moto wa chini ulikuwa umeipika taratibu miezi yote hiyo, na sisi tunaiangalia. Mama yangu alikaa na kibuyu mapajani akasema aliikausha kama alivyofundishwa. Akarudia hivyohivyo, kama mtoto anayejitetea. Nilitaka kumfokea, lakini nikaiona mikono yake juu ya kibuyu nikaacha.

Nikapanda mlima hadi Newala. Sokoni kulikuwa na mfanyabiashara aliyeshusha magunia kutoka Songea, mmoja wa hawa wa biashara huria waliokuja na kila kitu, sabuni, betri, maharage. Ndani ya magunia yake kulikuwa na soya. Nikamwuliza ni ya lini, akasema mpya. Nani atakwambia kitu chake ni kikuukuu? Nikaing'ata, nikainusa, nikamwomba kiganja kimoja nikaifukie kwa ndugu wa mama nilikofikia, na sikushuka hadi nilipoona vichwa vimeinua mchanga. Ndipo nikanunua. Niliiteremsha ile mbegu mlimani nikiwa nimeifunga tumboni, chini ya khanga, kama mimba.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Kijiji kizima kikakimbilia shambani, na mimi nikapanda mahindi na karanga kama wengine, lakini soya sikuigusa. Nilikuwa nimeshapiga hesabu kinyumenyume. Soya inataka kama miezi minne, mvua zetu zinakwisha mwishoni mwa mwezi wa nne, basi niipande baada ya Krismasi, ivumilie kile kiangazi kifupi cha Februari ikiwa bado changa, itoe maua mvua zikirudi, halafu ikaukie kwenye jua. Kuisema ni rahisi. Kuikalia ni kitu kingine. Mvua inanyesha mchana kutwa, mahindi ya watu yanafika magotini, na mbegu yako imekaa ndani. Ukipanda mapema inaoza kama mwaka jana. Ukichelewa, mvua inakatika na maganda bado bapa, hayana kitu. Na ni mbegu moja, hakuna ya kurudishia. Jirani yangu alikuwa ananiuliza uani kama nimekuwa mama wa mjini, nasubiri soya ije yenyewe na basi. Nilikuwa nacheka naye, kisha naingia ndani naihesabu miezi upya.

Tuliipanda mwaka mpya ulipoingia, mimi na mama. Februari jua likawaka kama nilivyojua litawaka, na kujua hakukunisaidia. Mchana majani yalijikunja, nami nilikuwa nasimama katikati ya shamba nikiyatazama, kana kwamba kuna la kufanya. Mvua zikarudi. Vikatoka vile vijiua vidogo vya zambarau vinavyojificha chini ya majani, kisha maganda yenye manyoya. Mwezi wa nne ukaelekea mwisho, mvua ikapungua, ikakoma. Majani yakawa manjano, yakaanguka. Jioni moja mama yangu alishika shina moja akalitikisa karibu na sikio langu, na punje zikacheza ndani ya maganda. Sijasikia sauti tamu kuliko ile.

Sasa, soya ikifika hapo haina subira. Ukiiacha juani maganda yanapasuka yenyewe na kurusha punje chini. Inavunwa alfajiri, maganda yakiwa laini kwa umande, na saa za jua kali huigusi. Tukakubaliana tunaamkia shambani kesho. Jioni hiyo nilikunja mikeka nikaiegemeza mlangoni.

Kabla hakujapambazuka vizuri tukasikia purukushani kwa jirani. Mwanawe alikuwa amelala na homa, na sasa ameshikwa na degedege. Mumewe akawapakia mkewe na mtoto kwenye baiskeli wakaelekea zahanati. Mikeka yangu ikabaki mlangoni. Nilisimama njiani na binti yangu mgongoni, nikiangalia upande walikokwenda, na jua likachomoza. Kisha nikaiona baiskeli inarudi. Ilikuwa inasukumwa. Jirani yangu alikuwa anatembea nyuma yake, amembeba mtoto kifuani, amemfunika uso.

Nilipiga ukelele, na ukelele wangu ndio uliowaita watu.

Kwetu msiba ukitokea jembe linalala. Hakuna anayekwenda shamba hadi maiti azikwe, na kama ni wa karibu, kama mmetenganishwa na ua tu, hukanyagi shamba hadi matanga yaanuliwe. Hata Mkristo kwa Mwislamu ni hivyohivyo, msiba hauna dini. Hakuna anayekuja kukufunga. Wanakutazama tu, wanaulizana kulikoni huyu ana haraka, anavuna nini. Na wewe unajua wanaposema kuvuna hawasemi mahindi. Mwanamke mmoja wa kijiji cha pili alihamishwa na macho ya namna hiyo. Nilimwona akipita na kitanda chake kichwani.

Tulimzika mtoto yule kabla ya alasiri. Kaburi lilikuwa dogo, udongo uliochimbwa ulibaki mwingi. Tukarudi tukakaa mkekani pamoja na mfiwa. Alikuwa halii, ametazama mlango. Nilimlilia yeye, nikamlilia mtoto aliyekula kwangu na kulala kwangu, na ninaapa kilio changu kilikuwa cha kweli. Lakini jua lilipokuwa linapiga bati la nyumba ya pili nikasikia moyoni maganda yanapasuka. Nilijaribu kuyanyamazisha, hayakunyamaza. Nilijichukia. Mtoto wa mwenzangu hajapoa, na mimi nawaza soya.

Shangazi wa marehemu alikuwa amekaa ng'ambo ya mkeka. Alikuwa anachambua mchele wa wageni, hakuinua uso.

"Walinyonya wawili," akasema. "Amebaki mmoja."

Mwanamke aliyekuwa kando yangu akajisogeza kidogo, kama anayetafuta pa kunyoosha mguu. Nilitamani kusimama, nikaogopa kusimama, maana anayesimama baada ya neno kama lile ni kama ameitika.

Kesho yake nilitumwa maji, na njia ya kisima inapita kando ya shamba langu. Sikuingia. Nilisimama njiani na ndoo kichwani. Jua lilikuwa limeshapanda, na nikasikia pa, kisha kimya, kisha pa, pa. Njiwa walikuwa wameshatua, wanaokota chini bila wasiwasi, wamenenepa. Niliwatupia donge la udongo. Nilipogeuka nikamkuta mzee mmoja wa kijiji amesimama na baiskeli yake, ananitazama. Nikamwamkia shikamoo. Akakawia kuitikia marahaba.

Nilirudi msibani. Na alasiri hiyo upande wa Newala, juu ya ukingo wa mlima, mawingu yakaanza kujikusanya, meusi chini, kama ya mwezi wa tatu. Wengine waliyaona wakasema itanyesha, basi. Mimi niliyaona nikajua habari yote ilivyo. Mvua ikipiga maganda yale makavu, halafu jua litoke, hapatabaki kitu cha kula wala cha mbegu. Na nyumbani palikuwa na karanga za kukwaruza chini ya chungu. Mama yangu alinikuta nyuma ya nyumba ya msiba akanong'ona kwamba yeye ni mzee, acha akavune, wakimwita mchawi atakufa karibuni hata hivyo. Nikamkatalia. Nikamwambia wataniita mimi, na baada ya mimi watamwita mtoto. Tulinong'onezana hivyo kwa hasira, tumeshikana mikono.

Tulipokuwa hapo binti yangu akatuponyoka. Nilipoingia ndani nilimkuta ameshavuka mkeka, anapita katikati ya miguu ya wanawake, anakwenda kwa mfiwa kama alivyozoea kila siku. Akamfikia. Akamkalia mapajani, akatazama huku na huku akimtafuta mwenzake, kisha akasema anataka uji.

Shangazi aliweka chini ungo wa mchele.

Jirani yangu aliutazama utosi wa mtoto. Kisha akaushika mguu wake, akaubonyeza kwa kidole gumba, akaachia, akainama kutazama. Akabonyeza tena, mguu wa pili. Hapo ndipo alipoinua uso akanitafuta mimi.

"Soya imekauka?" akauliza. Sauti ilikuwa imekwisha, haikutoka vizuri.

Nikasema imekauka.

"Kavune."

Shangazi akasema matanga bado hayajaanuliwa.

"Matanga ni ya nani?" jirani yangu akasema. "Si ya mwanangu? Walinyonya wawili, kweli. Walinyonya kwangu. Mnataka nizike wote wawili?"

Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu baiskeli irudi. Alilia amemkumbatia binti yangu, na binti yangu naye akaanza kulia kwa kuogopa, na hakuna aliyethubutu kuwatenganisha.

Tuliingia shambani alfajiri iliyofuata, mimi na mama, na umande ulikuwa mwingi. Nilifikiri tutakuwa wawili. Nilipoinua mgongo niliwaona wanawake wanakuja kwenye njia ya kisima, bado wamejitanda khanga za msibani, na shangazi akiwa miongoni mwao. Hakuna aliyeimba, na kwetu kuvuna bila kuimba ni jambo la kutisha. Tuling'oa mashina tukayalaza taratibu kwenye mikeka, maganda yasipasuke, husikii ila mizizi ikiachia mchanga. Shangazi alikuwa mstari wa pembeni yangu. Aling'oa mstari mzima, akaingia mwingine, na hadi tunamaliza hakunitazama, nami sikumtazama. Sijui kama alikuja kunisaidia au kunichunga.

Mvua ikatukuta njiani na mizigo ya mwisho. Sehemu ililoa, na nyingine ilikuwa imeshaliwa na njiwa. Lakini iliyofika ndani ilitosha uji, na mbegu yake mama yangu aliitunza kwenye chungu, chumbani, chini ya kitanda, mbali na moto. Matanga yalipoanuliwa nilimpelekea jirani yangu sahani ya soya, kisha nikaona aibu mlangoni, maana ni ya nani? Hana wa kumpikia. Aliipokea. Aliikaanga akawa anaitafuna kavu, punje moja moja, amekaa kizingitini anatazama njia.

Tulizeeka pamoja, ua wa mabua ukawa wa miti, kisha ukaanguka tukauacha. Hatukuwahi kuzungumza habari ya siku ile. Soya tuliendelea kuilima wote wawili, na kila mwaka mvua zikisuasua mwishoni nilikuwa naogopa mara mbili, naogopea shamba, halafu naogopea watoto wa watu, maana kichwa changu kiliunganisha vitu hivyo na hakikuvitenganisha tena. Mpaka leo mtu akifariki mwezi wa nne, jambo la kwanza linalonijia ni kujiuliza nini kimekauka shambani. Silipendi jambo hilo ndani yangu, lakini limo.

Binti yangu anakaa Masasi mjini, ana watoto wake, na ni mnene, Mungu ashukuriwe. Akija kunisalimia anapitia kwanza kwa yule mama yake wa pili, nami humfuata hukohuko. Bibi yule siku hizi haoni vizuri. Humshika mkono akamkalisha mkekani, hamwulizi habari ya safari wala ya wajukuu, anapapasa hadi aupate mguu. Binti yangu, mtu mzima mwenye heshima zake, huunyoosha. Bibi hubonyeza kwa kidole gumba, akaachia. Na kwa kuwa yeye haoni tena vizuri, huniuliza mimi kama shimo limebaki, nami huinama nikatazama.